Sheria ya Ukumbi Mtupu

Nchi yetu, ambayo jina lake nimekatazwa kulitaja ili majirani wasituonee wivu, ina mji mkuu, na mji mkuu una Mtaa wa Mapazia. Zamani mtaa huo ulikuwa na kumbi tisa za michezo ya jukwaani. Siku ninazosimulia zilikuwa zimebaki mbili, na zile saba zimegeuzwa maghala ya saruji. Wanaolalamika kwamba serikali haijengi wakaulize saruji hiyo inakwenda wapi. Mimi sijauliza.

Mimi ni karani wa daraja la nne katika Wizara ya Vicheko na Majonzi, Idara ya Hesabu za Watazamaji. Kazi yangu ni kusimama ndani ya ukumbi na daftari, niandike nani kaja, nani kacheka na kacheka kwa kiasi gani. Cheko la daraja la kwanza ni la midomo tu. La pili huonyesha meno. La tatu humfanya mtu ampige jirani yake begani, na hilo hupelekwa Usalama. Nawaeleza haya ili mjue kwamba anayewasimulia si mpiga soga wa kijiweni. Kila nitakachosema kimo daftarini kwa wino wa serikali.

*

Jumba la Taifa la Sanaa lina viti elfu nne vya mahameli mekundu. Humo ulichezwa mchezo uitwao *Mlezi Aotesha Milima*, ulioandikwa na mtawala wetu, Mlezi wa Taifa mwenyewe, katika mwaka ambao hakuwa na vita. Ni mchezo wa saa tano. Unaeleza jinsi nchi yetu ilivyokuwa tambarare kabla Mlezi hajazaliwa, na jinsi alivyoiotesha milima, mmoja mmoja, kwa kuitazama ardhi kwa ukali. Nafasi ya Mlezi ilichezwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kuagiza chakula hotelini.

Siku ya kwanza watazamaji walikuwa elfu nne kamili, kwani walikuwa watumishi wa umma walioletwa kwa malori. Saa moja baadaye walibaki mia tatu. Wengine walikuwa wameomba kwenda msalani na huko wakapitia dirishani. Wizara ikavipigilia vyoo mbao. Siku ya pili watumishi elfu mbili wakaugua malaria kwa pamoja, malaria iliyowapanda saa nane mchana na kuwashuka baada ya mchezo. Mwezi ulipokwisha walikuwa wakija kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wakikoroma. Niliwaandika wote. Sheria inasema mtazamaji ni mtu yeyote aliyekaa kitini akielekea jukwaani, na haikutaja popote kwamba awe macho.

Hatua mia mbili kutoka hapo palikuwa na Ukumbi wa Magunia, ghala kuukuu la mahindi lenye bati nusu na mbao za kukalia. Ulikuwa wa Bi Kazija, mama wa makamo mwenye sauti ya kupita ukuta, aliyekaa dirishani akiuza tiketi kwa mkono mmoja na karanga kwa mkono wa pili. Jukwaani alikuwa mumewe, Farijala Matumla.

Mchezo wao uliitwa *Chai ya Saa Nne*, na kusema kweli haukuwa na kitu. Pazia likifunguka unamwona afisa mezani na foleni ya watu mbele yake. Afisa anakoroga chai. Anaonja, anaona sukari haitoshi, anaongeza, anakoroga tena. Mtu wa kwanza kwenye foleni anafungua mdomo, afisa anampandishia nyusi ya kushoto, mtu anaufunga mdomo. Kwa dakika arobaini Farijala alikunywa kikombe kimoja bila kutamka neno, na watu mia tatu waliobanana pale walilia kwa kucheka, wakapigana mabega, na mama mmoja akatolewa nje kupepewa. Nje kulikuwa na mia tatu wengine wakingoja zamu yao, na wengi wao walikuwa wameuona mchezo huo mara kumi.

Mimi mwenyewe nilicheka mara nne. Nilijiandika, nikajipeleka kwa mkuu wangu, nikapewa onyo. Sikuona aibu. Mtumishi mwadilifu huanza na nafsi yake.

*

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Balozi Daktari Kanali Chikopwe. Alikuwa ameshajaribu kuusaidia mchezo wa Taifa kwa kutunga Sheria ya Ukumbi Mtupu: onyesho ambalo saa yake ya kuanza imefika na hakuna mtazamaji hata mmoja limefutwa milele, na wachezaji wake hawataruhusiwa kulicheza tena mahali popote. Kisha askari wakasimama kwenye milango ya kumbi ndogo, wakawazuia watu hadi saa ya kuanza ipite. Ndivyo saruji ilivyopata mahali pa kulala. Ukumbi wa Magunia peke yake ndio ulioponea, kwa sababu watazamaji wake walikuwa wakiingia tangu asubuhi na chakula chao kwenye vibakuli.

Sheria ikishindwa, nchi yetu huunda tume. Waziri akaunda Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Michezo Mingine Hujaa na Mingine Haijai. Wajumbe walikuwa daktari wa mifugo, meja wa mizinga na shemeji yake Waziri. Mimi nilikuwa mwandishi wao. Tulikaa Ukumbi wa Magunia wiki mbili, tukapima kila kitu.

"Nimeipata siri," alisema Meja. "Ni mbao. Mtu akikaa pagumu hasinzii."

Viti vya mahameli vikang'olewa Jumba la Taifa, vikapelekwa kwa muda nyumbani kwa Waziri, zikawekwa mbao. Watazamaji wakashuka hadi saba. Daktari wa mifugo akagundua kwamba siri ni harufu ya karanga, basi zikachomwa karanga magunia arobaini chini ya jukwaa, na mpwa wa Mlezi akacheza mchezo mzima akikohoa. Shemeji alisema ni bati bovu, kwa hiyo paa la Jumba likatobolewa. Mvua ikanyesha, mabalozi watatu wakalowa na kurudishwa kwao. Viti vikarudishwa pia, isipokuwa vile ambavyo mke wa Waziri alikuwa ameshavizoea, na mahali pao pakabaki mbao.

Ndipo daktari wa mifugo, mtu mpole, akasema kwa sauti ndogo: "Waheshimiwa, au ni yule mtu?"

Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mchezo unaweza kuwa na uhusiano na mchezaji.

*

Farijala aliletwa ofisini kwa Waziri na askari wanne. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye uso mrefu kidogo, uso ambao ukiutazama unahisi umeshakukamata.

"Ndugu Farijala," alisema Waziri, "Taifa linakuhitaji."

"Taifa lipi, mheshimiwa? Hili hili?"

"Hili hili. Kuanzia kesho utacheza kwenye Jumba la Taifa."

"Nitacheza nini?"

Waziri akapekua karatasi. "Mlima wa Tatu. Hauna maneno, hautembei. Unasimama nyuma."

"Na mke wangu na ukumbi wetu?"

"Ukumbi wenu ni mbovu, bati limeoza. Unaweza kuwaangukia watu muda wowote," alisema Waziri, na jioni ile ile ukawaangukia, kwa msaada wa trekta la Wizara. Hakukuwa na mtu ndani. Nilihesabu.

Kesho yake Farijala alivishwa gunia la kijivu likabaki uso tu, akasimamishwa nyuma kabisa, kati ya Mlima wa Pili na wa Nne. Mji mzima ukaja. Watu elfu nne walikaa, wengine mia tano wakasimama, na mimi nikaishiwa na wino. Mpwa wa Mlezi alipotangaza, "Hapa palikuwa tambarare, nami nikapatazama!" Mlima wa Tatu ulipandisha nyusi ya kushoto. Basi tu. Ukumbi ukapasuka. Watu walianguka kutoka vitini, vile vya mahameli. Mpwa alidhani wanamshangilia yeye, akarudia sentensi ile mara sita.

Wizara ilisherehekea siku tisa. Waziri alipewa nishani. Siku ya kumi, Mlezi wa Taifa akaja mwenyewe kuutazama mchezo wake.

Alikaa mstari wa mbele, amefurahi, mikono juu ya tumbo. Kila penye hotuba watu walicheka, naye akatikisa kichwa kwa upole. Kisha ikafika sehemu ya tatu, mpwa akapiga magoti akaanza kusema, na Mlima wa Tatu ukamtazama tu, ukisikiliza kwa makini, na elfu nne na mia tano wakaangua kicheko cha daraja la tatu.

Mlezi akageuka. "Wanacheka nini?"

"Wanafurahi, Mtukufu," alisema Waziri. "Ni furaha ya wananchi."

"Chikopwe, hapo ni maziko ya mama yangu."

*

Kesi ilichukua muda wa chai. Shtaka lilikuwa kuinua kiungo cha mwili wakati wa hotuba ya serikali bila kibali. Farijala alisema kwamba katika sehemu ile hakuinua nyusi, alisikiliza tu. Jaji Mkuu, mzee aliyezipenda sheria kuliko watu, akasema hilo ndilo baya zaidi, akamhukumu kunyongwa.

Lakini Waziri naye alikuwa taabani. Mlezi alikuwa amempa wiki mbili alete onyesho litakalojaa, la sivyo afuatane na Farijala. Ndipo Waziri alipopata wazo, na ninakiri lilikuwa wazo zuri kikazi. Kwa kuwa chochote anachocheza Farijala hujaa, basi anyongwe Jumba la Taifa, jukwaani, kwa tiketi. Matangazo yakabandikwa mji mzima: *Mwisho wa Mlima wa Tatu, Jumamosi, saa kumi alasiri, onyesho moja tu.* Kila aliyechukua tiketi alipewa na kilo ya sukari. Tiketi elfu nne zikaisha kabla ya adhuhuri.

Bi Kazija alikwenda mahakamani na kanga yake ya kila siku. Nilikuwapo, nikiandika.

"Mheshimiwa Jaji, naomba kuuliza. Hili la Jumamosi ni hukumu au ni mchezo?"

Jaji akamtazama Waziri. Waziri akasema ni mchezo wenye hukumu ndani yake.

"Huo mchezo una tiketi?"

"Unazo."

"Una pazia na saa ya kuanza?"

"Saa kumi juu ya alama."

"Basi una Sheria ya Ukumbi Mtupu," alisema Bi Kazija. "Niliisoma mlangoni kwangu miaka mitatu, mmeipigilia misumari wenyewe. Saa kumi ikifika na hakuna aliyekaa kitini, mchezo umefutwa, na mume wangu haruhusiwi kuucheza tena mahali popote. Nimesema uongo, mheshimiwa?"

Jaji akavaa miwani, akaisoma sheria mara mbili. Akasema mama hakusema uongo. Ukumbi ukiwa mtupu, Farijala hawezi kunyongwa Jumamosi wala siku nyingine yoyote.

Waziri alicheka hadi akajifuta macho. "Mama, hebu niambie. Mumeo amewahi kucheza ukumbi mtupu hata siku moja?"

Bi Kazija alikaza kanga yake, akatoka. Miaka thelathini alikuwa amefanya kazi ya kuujaza ukumbi kwa ajili ya mume wake, na sasa alikuwa na siku tano za kuumwaga.

*

Alitembea nyumba kwa nyumba. Nilimfuata kwa mbali, kwa maelekezo ya Wizara, nikaandika aliyoyasema. Hakupiga kelele. Alikuwa akisimama mlangoni tu, anaomba.

Mama Shufaa, fundi cherehani, alimwambia: "Kazija, dada yangu, miaka kumi sijakosa onyesho la Farijala hata moja."

"Hili likose."

"Na sukari nimeshaichukua."

"Inywe. Usije tu."

Mama Shufaa akaanza kulia, akasema kwa nini wengine wakamwone mara ya mwisho na yeye abaki na cherehani. Bi Kazija akamshika mikono. "Ndugu yangu, akienda mmoja, ndiyo itakuwa mara ya mwisho. Msipokwenda, atakuja kukuchekesha hapa hapa dukani kwako."

Akaenda kwa vinyozi, kwa wauza mitumba, kwa walimu, kwa wanafunzi wa ufundi. Alikwenda hata kwa tisa wale wanaokoroma. Alikwenda kwa wachukuzi wa soko kuu, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya nani abebe nini, nao wakakubali. Ijumaa mchana hapakuwa na mtu mjini ambaye hakuwa ameombwa kwa mdomo wa Bi Kazija mwenyewe.

Isipokuwa mimi. Tulikutana uso kwa uso pale penye kifusi cha ukumbi wake. Akaniamkua, nikamwitikia, nikasimama nikingoja aniombe. Akapita. Nadhani hakuona kwamba karani anaweza kuombwa kitu. Sikukasirika, ila liliniuma kidogo.

*

Jumamosi saa tisa Mtaa wa Mapazia ulikuwa mweupe. Maduka yalifungwa, na watu walikuwa wamejifungia ndani na watoto wao. Askari mia mbili walipanga kamba nje ya Jumba kuzuia umati, kisha wakasimama wakiitazama kamba. Malori ya kubebea watumishi hayakuitwa safari hii, kwa kuwa Waziri aliyatuma kuazima viti vya ziada.

Wakubwa wote walikuwa meza kuu, na meza kuu, kama ilivyo desturi yetu katika kila shughuli, huwekwa jukwaani, ikiwa na kitambaa cheupe, maua na chupa za maji. Kwa hiyo kisheria wao walikuwa wachezaji. Kamba ya kunyongea ilining'inia pembeni ya maua. Farijala aliletwa, akasimama chini yake, akautazama ukumbi.

Viti elfu nne vilikuwa vitupu. Kwanza uso wake ulianguka, maana mchezaji ni mchezaji. Kisha akaelewa, na nikaona mabega yake yakitikisika, na machozi yakamshuka hadi kidevuni, naye hakuyafuta, mikono ilikuwa imefungwa. "Wamenipenda hivi?" alisema. Hakuwa akimwambia mtu.

Saa kumi kasoro tano, Waziri alikuwa wa rangi ya majivu. Alimnong'oneza Meja aite askari waje wakae. Jaji akagonga meza. "Milango imefungwa. Sheria hii umeitunga wewe, Mheshimiwa." Meja akakaa.

Mimi nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Wizara ilikuwa imetugawia viatu vipya, vyangu namba arobaini, na mguu wangu ni arobaini na mbili. Vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi. Nikaona mstari wa tatu kiti cha kumi na nne, kitupu, cha mahameli. Nikakaa ili niandike vizuri, daftari juu ya magoti. Nikainua macho kuitazama saa kubwa, ambayo iko juu ya jukwaa.

Ikagonga kumi.

"Karani," alisema Jaji, "soma idadi."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikageuka nikatazama nyuma hadi roshani. Kisha nikajitazama.

"Mmoja, Mheshimiwa Jaji."

Waziri alinyanyuka nusu. Jaji akavua miwani. "Amekaa?"

"Amekaa."

"Anaelekea jukwaani?"

"Anaelekea, mheshimiwa."

Farijala alinitazama. "Simama, baba," alisema taratibu. "Sema ulikuwa umesimama."

Nikasimama upesi, kwa heshima, kwani ni mtu mzima na aliniita baba. Lakini daftari lilikuwa limeshaandikwa, na mimi tangu niajiriwe sijawahi kuandika uongo. Jaji akasoma sheria tena, akatafuta njia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hakuiona. Akasema onyesho lina mtazamaji, liendelee. Waziri akapiga makofi peke yake.

Nikakaa tena, sasa kihalali. Sitaficha kwamba nilifurahi. Maisha yangu yote nimesimama ukutani nikiwahesabu wengine, na siku ile mchezaji mkubwa kuliko wote nchini alinichezea mimi peke yangu. Alitaka kusema jambo, akaniangalia, akaacha. Lilikuwa onyesho fupi. Niliandika kwamba asilimia mia moja ya watazamaji walibaki hadi mwisho. Waziri alilisoma daftari hapo hapo, akanikumbatia, akanipandisha daraja la tatu, na jioni Mlezi akatangaziwa kwamba siri ya mchezo kujaa imepatikana.

Nilipotoka, askari walikuwa wakikunja kamba. Bi Kazija alikuwa amesimama langoni peke yake. Alikuwa ameona milango ikibaki mitupu hadi saa kumi, akaja kumchukua mume wake, na alikuwa amemletea shati safi.

"Mwanangu," alisema, "umeandika ngapi?"

"Mmoja, mama."

Shati likamponyoka. "Nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akainama, akaliokota shati, akalikung'uta vumbi.

"Angalau tiketi ulikata?" aliniuliza.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Sisi wa Wizara huingia bure."